Maua Nyuma ya Ukuta: Bustani za Goma Ni za Nani?

Tunapenda kusema Goma ni mji mzuri. Nakubali. Lakini uzuri wa mji mimi naupima na swali moja: kijana wa Ndosho au Majengo, bila franka mfukoni, siku ya Jumapili atakaa wapi chini ya mti na kitabu chake? Nimeuzunguka mji na swali hilo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Rond-point Chukudu. Ile sanamu ya rangi ya dhahabu mimi naisifu. Miji mingi inajengea sanamu majenerali. Siye tumemjengea mtu anayebeba viazi na makala. Ila kama bustani, imeshindwa. Magari na moto zinaizunguka kutwa nzima. Unapiga foto, unameza vumbi, unaenda. Bustani ya katikati ya barabara imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye ndani ya gari.

Ufuo wa ziwa. Hapa ndipo penye uchungu. Tembea Himbi mpaka Kyeshero: Ziwa Kivu liko palepale, lakini unachokiona zaidi ni kuta za makoro, yale mawe meusi ya volkano, na maua yakichungulia juu yake. Ndani kuna nyasi safi na miti ya kivuli. Kwenye hoteli moja, mimi na wenzangu watatu hatujakaa hata, mlinzi akauliza: "Mutakunywa nini?" Simlaumu, anafanya kazi yake. Lakini swali lake linaeleza yote: kwetu bustani ni kitu cha kununua pamoja na chupa. Asiye na pesa mlango wake wa ziwa ni Kituku, kwenye bidoni za njano, samaki na mitumbwi. Huko ziwa ni kazi, si mapumziko.

Na sisi ndio tunaopakana na Virunga, iliyoanzishwa 1925, hifadhi ya taifa ya zamani kuliko zote Afrika, iliyo katika orodha ya UNESCO tangu 1979! Kwenda kuona sokwe kulikuwa ni mamia ya dola. Watoto wengi wa Goma wanaijua Virunga kupitia moshi wa makala jikoni.

Kuna watakaosema: mji wa vita na volkano, bustani ni anasa. Aiko hivyo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mei 2021 ikashuka tena, na siku chache baadaye maelfu kwa maelfu wakaamriwa kuhama, wengi wakakimbilia Sake. Mji kama huo unahitaji nafasi wazi kuliko mwingine wowote: watu wapate pa kukusanyika, watoto wapate pa kucheza mbali na barabara. Tena udongo si kisingizio. Bustani za hoteli zenyewe zinatuonyesha kwamba kwenye mawe haya miti inaota ikitunzwa.

Ni kweli, si kila shimo lenye majani linafaa. Tuna mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni na kuua kimya kimya, hasa upande wa magharibi karibu na ziwa. Njo maana bustani ya Goma haiwezi kupangwa na fundi wa maua peke yake. Anahitajika mtu wa volkano.

Wengine wameweza. Vuka Petite Barrière: Gisenyi, ziwa lilelile, watu wanakaa kwenye nyasi za ufuo bila kuulizwa watakunywa nini. Zanzibar, Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009. Pale mgeni na mvuvi wanatazama bahari moja, na kiingilio hakuna. Nairobi, mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa, lakini jengo halikujengwa. Bustani ile iliokolewa na watu waliosema hapana mapema.

Sheria ya ardhi ya kwetu, ya 1973, inasema ardhi ni mali ya Leta, na ile iliyotengwa kwa matumizi ya wote haigawiwi mpaka kwanza iondolewe rasmi kwenye matumizi hayo. Basi kazi iko, na inatuhusu. Waliosoma sheria waulize: parseli gani za mji ziliandikwa kuwa za watu wote, na leo zina ukuta wa nani? Waliosoma kilimo watuambie miti gani inashika kwenye makoro. Waliosoma jiolojia wachore mazuku yako wapi.

Mimi naomba kidogo tu: njia moja ya miguu mpaka ziwani, yenye miti na viti, isiyo na mlinzi wa kuuliza bei. Tukingoja amani kamili ndipo tuidai, tutakuta hata hicho kipande kimeshajengwa ukuta.