Utungo wa Miguu: Kusoma Umbo la Pumse katika Taekwondo

Wengi wanaijua taekwondo kwa mateke ya Olimpiki, ambako ilianza kugombewa medali rasmi Sydney mwaka 2000. Lakini sehemu kubwa ya sanaa hiyo haina mpinzani kabisa. Mtu husimama peke yake, huenda hatua kwa mpangilio usiobadilika, hukinga mapigo ya adui asiyekuwepo, humpiga, kisha hurejea palepale alipoanzia. Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyojengwa Seoul mwaka 1972, huuita mpangilio huo pumse. Katika shirikisho la ITF, lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966, huitwa tul. Jina lolote utakalotumia, mpangilio huo ni utungo. Una beti, una takriri, una kituo, na una mahali ambapo kanuni iliyowekwa mwanzoni huvunjwa makusudi.

Bahati mbaya pumse husomwa mara chache kama utungo. Kinachosomwa ni maelezo yaliyobandikwa juu yake: jina la mfalme, falsafa ya kale, alama ya mbingu au ya moto. Mwanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani wa mkanda, na mwalimu huridhika. Hoja yangu ni kwamba maana ya pumse ipo pale mwili unapoihisi. Tukiisoma kwa njia hiyo, tutaona ubora wa baadhi ya tungo hizi na udhaifu wa nyingine. Tutaiona pia historia ya kweli ya taekwondo, ambayo hadithi za miaka elfu mbili zimeifunika.

Tuanze na utungo wa kwanza, Taegeuk Il Jang, anaofundishwa mtu aliye bado katika mikanda ya mwanzo. Ramani yake sakafuni ni mistari mitatu ya ulalo iliyounganishwa na mstari mmoja wa kati. Mchezaji hugeukia kushoto, hukinga chini kwa mkono wa kushoto, husogea hatua moja na kupiga ngumi ya kulia. Hugeuka nyuma kabisa na kufanya vilevile upande wa pili. Huo ndio mstari wa kwanza. Mkao ni mfupi, kama wa mtu anayetembea, na mkono unaofanya kazi ni wa upande uleule wa mguu uliotangulia. Hakuna kinachomchanganya anayeanza.

Katika mstari wa pili kinga hupanda hadi usawa wa kifua, na hapo mtunzi hubadilisha kanuni bila kelele. Mguu wa kulia ukitangulia, mkono unaokinga ni wa kushoto. Ukitangulia wa kushoto, ngumi hutoka kulia. Mkono na mguu sasa vimepishana, na kiuno kilichokuwa kimetulia hulazimika kujisokota. Anayejifunza huyumba hapa, na kuyumba huko ndilo somo lenyewe. Mstari wa tatu huipandisha kinga hadi juu ya kichwa, kisha kwa mara ya kwanza mguu huacha kuwa wa kusimamia tu: teke la mbele hutangulia ngumi. Kwa mistari mitatu mifupi mwili umepanda kutoka tumboni hadi kichwani, umetoka kwenye upande mmoja ukaingia kwenye kupishana, na umeongeza silaha ya pili.

Sasa tazama mstari wa kati unaoibeba mistari hiyo. Humo mkao ni mrefu, goti la mbele limekunjwa, uzito umeshuka. Kila mara mchezaji anapoingia humo hurudia jambo moja: kinga ya chini, kisha ngumi. Hicho ndicho kibwagizo cha utungo, nacho hurudi mara tatu. Mara mbili za kwanza kinga na ngumi hufuatana papo hapo, miguu haiondoki. Mara ya tatu, akiwa sasa ameelekea alikoanzia, huongezwa hatua moja kati ya kinga na ngumi, na kwenye ngumi hiyo ndipo panapotoka ukelele pekee wa pumse nzima, yaani kihap. Anayejua tenzi ataitambua mbinu hii. Kibwagizo kimezoewa, sikio linakingoja, kisha mtunzi anakirefusha kidogo tu, na urefu huo ndio unaobeba uzito wa mwisho.

Maelezo rasmi yanasema pumse hii inasimamia Keon, yaani mbingu, ambayo katika mapokeo ya Kichina yaliyorithiwa na Wakorea huandikwa kwa mistari mitatu isiyokatika. Alama hiyo ni mojawapo ya nne zilizozunguka duara katika bendera ya Korea Kusini. Pumse nane za Taegeuk hufuata alama nane: mbingu, ziwa, moto, radi, upepo, maji, mlima, na mwisho ardhi. Je, mbingu imo ndani ya mwili, au imebandikwa tu? Katika Il Jang naona imo. Kinga inayopanda kutoka chini, kupita kifuani, hadi juu ya kichwa ni mwendo wa kupaa, na anayeicheza huuhisi hata kama hajaambiwa habari ya Keon. Hapo jina na umbo vinasemezana.

Lakini msomaji makini ataona jambo la pili. Mwanzo wa Il Jang, yaani kugeuka kushoto, kukinga chini, hatua na ngumi, kugeuka nyuma na kurudia, kisha kuingia mstari wa kati kwa kinga ileile ya chini, ni mwanzo wa Taikyoku Shodan, zoezi la karate la shule ya Gichin Funakoshi huko Japani. Haishangazi. Lee Won Kuk, aliyefungua Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944, alijifunza kwa Funakoshi. Ro Byung Jick wa Song Moo Kwan naye alipita mikononi mwake. Choi Hong Hi, aliyelipigania jina taekwondo mwaka 1955, alijifunza karate akiwa mwanafunzi Japani. Shule za kwanza za Kikorea baada ya vita zilifundisha mazoezi ya Kijapani karibu yalivyo, na tungo za Taegeuk zilipoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, waandishi wake walikuwa na sarufi hiyo mifupani mwao.

Kuficha jambo hili kuna sababu inayoeleweka. Japani iliitawala Korea kwa mabavu kuanzia 1910 hadi 1945, ikaibana lugha yake na kuwalazimisha watu wabadili majina. Taifa lililotoka kwenye unyonge huo lilihitaji sanaa isiyo na deni kwa mtawala. Ndipo yakaenea maelezo kwamba taekwondo imetoka moja kwa moja kwa vijana wa Hwarang wa ufalme wa Silla, au kwenye michoro ya makaburi ya Koguryo. Wakorea walikuwa na mapigano yao ya asili, hilo halina ubishi. Taekkyeon, mchezo wa mateke na kukwatua, unaonekana katika mchoro wa Yu Suk wa mwaka 1846, na UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2011. Ila taekkyeon huchezwa na wawili wanaotazamana, hatua zao zikipokezana kwa mdundo. Tabia yake haifanani hata kidogo na kutembea peke yako juu ya mistari iliyonyooka. Umbo la pumse linatuonyesha lilikotoka.

Kuna kitabu cha Kikorea ambacho kingewafundisha waandishi wa karne ya 20 ujasiri zaidi. Mwaka 1790, kwa amri ya Mfalme Jeongjo, wasomi Yi Deok-mu na Park Je-ga pamoja na mpiganaji Baek Dong-su walikamilisha Muyedobotongji, mwongozo wenye michoro ya mbinu 24 za kivita. Mapigano ya mikono mitupu yamo, nayo ni mbinu moja tu kati ya hizo 24, na yanafuata mapokeo ya jenerali wa Kichina Qi Jiguang. Upanga wa Kijapani umo pia, na umeitwa hivyo hivyo, upanga wa Kijapani. Haya yaliandikwa na watu ambao nchi yao ilikuwa imevamiwa na Japani kati ya 1592 na 1598, wakajua gharama yake. Hawakuona aibu kusema tumelichukua hili kwa adui, tumelipima, tumelichora kwa mkono wetu. Kwao kukopa ilikuwa sehemu ya elimu ya vita.

Tukirudi kwenye Il Jang kwa moyo huo, mkopo wenyewe unaangaza ubunifu. Taikyoku Shodan hurudia kinga moja, ya chini, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkao wake ni mmoja, mrefu. Teke halimo. Mtunzi wa Kikorea amechukua ubeti huohuo wa kwanza, kisha akapandisha kinga ngazi kwa ngazi, akatofautisha mkao wa mistari ya ulalo na ule wa mstari wa kati, na akafungulia mguu kazi mpya. Mwanzo ni wa kuazima, mwendelezo ni wake. Na kadiri tungo zinavyosonga, mguu huzidi kutawala. Katika Koryo, pumse ya mwenye dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, mchezaji huanza kwa kinga ya mikono miwili iliyo wazi, halafu hupiga teke la ubavu kwenye usawa wa goti, na kabla mguu haujagusa chini huupeleka tena mguu uleule juu zaidi. Kuwaza mateke mawili katika pumzi moja ya mguu mmoja ndiyo lugha ambayo taekwondo imejitengenezea, na inasikika hapa bila kuhitaji ushahidi wa makaburi.

Tul za Choi Hong Hi zinastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Yeye alitunga 24, kwa saa 24 za siku, na akapenda sana kuficha maana ndani ya hesabu. Joong-Gun ina miondoko 32 kwa sababu Ahn Jung-geun, aliyempiga risasi kiongozi wa Kijapani Ito Hirobumi mwaka 1909, alinyongwa mwaka uliofuata akiwa na umri huo kwa hesabu ya Kikorea. Yul-Gok ina 38 kwa ajili ya latitudo alikozaliwa msomi mwenye jina hilo. Sam-Il ina 33, idadi ya wazalendo waliotia saini tangazo la uhuru la 1919. Ni heshima njema, ila mwili hauhesabu. Ukiongeza mwondoko mmoja katika Joong-Gun, miguu haitalalamika. Maana imebaki kwenye karatasi.

Choong-Moo inajaribu kwenda mbali zaidi. Inamkumbuka Admirali Yi Sun-sin, aliyeuawa katika vita vya majini vya Noryang mwaka 1598, na Choi alieleza kwamba inaishia kwa pigo la mkono wa kushoto ili kuonyesha majuto ya kifo hicho. Wazo ni zuri, kwani hapa angalau maana imewekwa kwenye kiungo cha mwili. Lakini ngumi ya kushoto ndiyo inayofunga pia Dan-Gun, utungo wa pili, ambao hauna msiba wowote. Alama inayotumika kwa furaha na kwa kilio bila tofauti haijawa alama bado.

Chon-Ji, utungo wa kwanza kabisa, ndiyo kazi bora ya Choi kwa upande wangu. Inahusu mbingu na ardhi, na imegawanyika wazi katika nusu mbili. Nusu ya kwanza ni mkao wa kwenda mbele wenye kinga ya chini na ngumi, kuzielekea pande zote nne. Katika nusu ya pili kinga hupanda kifuani, na uzito hurudi nyuma, karibu asilimia 70 kwenye mguu wa nyuma, kisha hutupwa mbele tena na ngumi. Anayeicheza huhisi dunia mbili katika mapaja yake. Mwisho wake ni hatua mbili za kurudi nyuma huku ngumi zikiendelea kutoka, hadi mchezaji anafika pale alipoanza. Kupiga huku unarudi nyuma ni jambo gumu kulielewa kwa maneno na jepesi kulielewa kwa mwili.

Hapa ndipo mfumo wa madaraja unapopata maana. Mikanda na dan navyo ni mkopo: Kano Jigoro alianza kutoa dan katika judo miaka ya 1880, karate ikauchukua utaratibu huo, Korea ikaupokea. Lakini Kukkiwon imeufanya kuwa ratiba ya usomaji. Geup, yaani madaraja ya kabla ya mkanda mweusi, hushuka kwa hesabu kuuelekea, kila ngazi na utungo wake, kutoka mbingu hadi ardhi. Baada ya hapo dan hupanda, na muda wa kungoja hurefuka: mwaka mmoja kutoka dan ya kwanza kwenda ya pili, miaka miwili kwenda ya tatu, hadi miaka tisa kati ya dan ya nane na ya tisa. Ramani za sakafuni nazo hubadilika. Keumgang hufuata umbo la herufi ya Kichina ya mlima, Pyongwon ni mstari mmoja mtupu, Hansu huchora maji, na Ilyeo, ya mwisho, hufuata alama ya Kibuddha kwa kumkumbuka mtawa Wonhyo wa Silla. Muda huo mrefu ni wa haki ikiwa mtu anasoma. Ikiwa anakariri, ni foleni tu.

Kwa hiyo napendekeza mtihani wa mkanda uulize swali lingine. Badala ya kumuuliza mwanafunzi pumse yake inasimamia nini, aulizwe: kanuni gani imewekwa katika mstari wa kwanza, inavunjwa wapi, na mwili wako ulijuaje? Anayeweza kujibu hilo kuhusu Il Jang ameona kazi ya mikono ya watu wa karne ya 20 waliotoka chini ya utawala wa kigeni, wakashika sarufi ya mtawala wao na kuitungia kitu kisichokuwemo. Huo ni ushindi mkubwa kuliko ukale wowote wa kubuni, na Wakorea wana kila sababu ya kuudai kwa jina lake halisi.