Nyumba ya Mbojini na Sharti Lililofutwa

Nianze na karatasi yenyewe, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Katika ofa ya dada yetu na shemeji yetu kwa ile nyumba ya 1908 jirani na De Deelen, Friesland, sharti la mkopo limo. Tarehe ya kukabidhiwa funguo imo. Hata mapazia na jiko la kuni vimo. Sharti la ukaguzi wa jengo halimo, na wala halikusahaulika: dalali wao aliliandika, wao wakamwambia alifute ili ofa ionekane safi. Mliofuatilia ununuzi huu tangu nyumba ilipotokea kwenye tovuti ya Funda mnajua kilichofuata, kwa hiyo sina sababu ya kuwazungusha. Uamuzi ule ulikuwa mbovu tangu ulipokuwa wino, kabla ufa haujatokea ukutani.

Mengine waliyafanya vizuri. Bei waliipima kwa akili, ziada iliyozidi thamani wakaitoa kwenye akiba kwa kuwa tangu 2018 mkopo hauwezi kupita asilimia 100 ya thamani ya nyumba, na kule Kadaster, masjala ya ardhi, walichimba hati mpaka wakaikuta haki ya jirani kupita uani na trekta. Hongera zao.

Sasa sharti. Eneo lile ni mboji tupu. De Deelen yenyewe ni mashimo yaliyoachwa na wachimba mboji, yakajaa maji, leo watu wanakwenda kutazama ndege. Malisho yanayoizunguka yamekauka kwa sababu maji ya mifereji yameshushwa miaka nenda miaka rudi ili ng'ombe na matrekta yasizame, na mboji ikipata hewa inaoza na kupungua. Ardhi inatitia, mahali pengine hadi sentimita moja kwa mwaka. Kiangazi cha 2018, kile cha ukame, kiliongeza kasi. Ramani ya kutitia kwa ardhi ya Uholanzi nzima iliwekwa wazi kwa umma mwaka huohuo. Mtu anaandika jina la kijiji, anaona rangi. Baraza la ushauri la serikali kuhusu mazingira, Rli, lilikadiria mwaka 2024 kwamba majengo yapatayo 425,000 nchini yana, au yatakuwa na, matatizo ya msingi kufikia 2035. Hii si siri ya mafundi. Ilikuwa kwenye taarifa ya habari.

Na nyumba yenyewe ilisema. Sehemu ya mbele, ya 1908, imesimama juu ya magogo yaliyopigwa chini mpaka kwenye mchanga. Jiko la nyuma liliongezwa 1974, na liliwekwa juu ya udongo hivihivi, bila gogo hata moja. Hizo ni nyumba mbili zinazotitia kwa mwendo tofauti, zimeunganishwa kwa lipu. Rudini kwenye picha ya kumi na moja ya tangazo: kabati refu la vyombo limesimama peke yake palepale jiko linapokutana na ukumbi, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angeweka kabati, kwa sababu linaziba njia. Nyuma ya kabati ndipo mshono ulipo. Kuhusu lenzi pana za madalali nimeshaandika hadi mkanichoka, lakini safari hii lenzi haikuwa na kosa, picha ilionyesha kila kitu.

Najua mtakachoniambia: ukaguzi wa kawaida haufukui msingi. Kweli, haufukui. Mkaguzi anakuja na tochi, pima maji na kile kifaa cha unyevu, anapanda darini, anaingia chini ya sakafu kama pana nafasi, anaondoka na mia chache za euro. Lakini mkaguzi yeyote asiyelala angesogeza lile kabati. Angeandika sentensi moja: ipimwe mistari ya matofali. Na kipimo hicho kinasema kweli, kwa sababu fundi wa 1908 alipanga matofali yake sawa na pima maji. Kama leo mstari umeshuka sentimita kadhaa kutoka pembe hii hadi ile, nyumba ndiyo iliyoshuka. Hapo una namba mkononi. Unajitoa, au unarudi kwa muuzaji na kumwambia bei ishuke. Kurekebisha msingi kikamilifu mara nyingi hugonga euro laki moja, na bima ya nyumba hailipi hata senti. Mia chache dhidi ya laki, ndiyo hesabu waliyoikataa.

Utetezi wao ni ule ule wa siku zote: zabuni ya bahasha. Kila mtu anaandika bei yake gizani, saa sita mchana siku ya Alhamisi, na anayeweka masharti anashindwa. Mnajua ninavyouchukia mtindo huu. Unawageuza watu wazima kuwa wacheza kamari, na anayefaidi ni dalali wa muuzaji peke yake. Lakini hebu tusiutumie kama shuka la kufunikia kila kosa. Tangu 2023 madalali walio katika vyama vyao vikubwa wanatakiwa kutunza daftari la zabuni, na mauzo yakishakuwa ya mwisho walioshindana wanaweza kulisoma. Shemeji aliliomba. Aliyewafuata alikuwa chini yao kwa euro elfu kumi na nne, na yeye alibakiza masharti yote mawili, mkopo na ukaguzi. Yaani wangeweka sharti lao na bado wangeongoza kwa elfu kumi na nne. Walilipa ili wapoteze kinga yao.

Na tuseme wangeogopa kweli. Sawa, futa sharti. Bado kulikuwa na mlango wa pili, na huu ndio unaoniuma zaidi. Sheria ya 2003 inampa mnunuzi siku tatu za kutafakari baada ya kupokea nakala ya mkataba uliosainiwa, anajitoa bila sababu na bila faini. Walipokea nakala Ijumaa. Siku zinaanza kuhesabiwa Jumamosi, na ndani yake lazima ziwemo angalau mbili zisizo za wikiendi wala sikukuu. Kwa hiyo walikuwa huru mpaka Jumanne usiku wa manane. Siku nne nzima! Dalali mjanja anampangia mkaguzi Jumatatu asubuhi kabla hata mkataba haujasainiwa. Dada yetu anasema siku zile walikuwa Leeuwarden wakichagua rangi. Jumatano asubuhi kujitoa kungegharimu asilimia 10 ya bei.

Muuzaji je, hana wajibu? Anao, wa kueleza anayoyajua. Katika dodoso lake, pale pa msingi, aliandika hajui. Mkataba nao una kifungu cha uzee, kile kinachosema nyumba kongwe haiwezi kudaiwa ubora wa nyumba mpya na kwamba muuzaji hadhamini msingi, sakafu wala mabomba. Wakili atakayeomba fidia ataanza kwa kuulizwa mnunuzi alichunguza nini. Jibu: rangi.

Hapa ndipo namkumbuka mzee wetu mmoja wa bandari ya Rotterdam, aliyenunua nyumba ya mkulima huko Drenthe katika miaka ya themanini, wakati wengi wetu tulidhani Mwafrika kuhamia kijijini kwa Waholanzi ni kujitafutia upweke. Hakuwa na dalali wake. Alikuwa na golori mfukoni na timazi ya fundi. Alitembelea nyumba mara tatu, mara moja usiku na mara moja mvua ikinyesha, akaweka golori sakafuni kila chumba na kutazama inakimbilia wapi. Chumba cha nyuma ilikimbia. Akapiga magoti, akang'oa ubao mmoja mbele ya mwenye nyumba, akamulika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kwelikweli. Alipunguziwa bei na kuinunua, na ukuta wa nyuma akaujenga upya yeye mwenyewe. Siku hizi watu wana programu ya simu inayowaambia kiwango cha riba kila asubuhi, lakini hakuna anayepiga goti.

Yaliyosalia niyapite haraka. Ripoti ya mthamini ilipotoka ilikuwa na daraja la hatari ya msingi, herufi D, kwenye kipimo kinachoanzia A na kuishia E. Lakini ripoti hiyo huja wakati wa kuomba mkopo, siku za kutafakari zikiwa zimeisha, na sharti la mkopo linakuokoa benki ikikataa tu. Benki haikukataa. Kuhusu utulivu wa kijiji, waliutazama Jumapili ya Mei. Kuanzia katikati ya Februari samadi ya maji inaruhusiwa kumwagwa kwenye malisho, na trekta lenye haki ya kupita uani linapita.

Vipimo sasa vimefanyika. Nyumba ya mbele imesimama vizuri, magogo bado yako ndani ya maji. Jiko ndilo linalokwenda. Fundi waliyempata anataka kulifunga kwa vyuma kwenye ukuta wa 1908 na kuziba ufa kwa lipu mpya, kazi ya wiki mbili. Mimi nasema livunjwe na lijengwe upya juu ya magogo yake, kwa sababu jiko lililofungwa kwa chuma halitaacha kutitia, litauvuta na ukuta mzima uliofungwa nalo. Shemeji anasema fundi amemhakikishia. Nimemuuliza kama amemhakikishia kwa maandishi, bado nasubiri jibu.