Udongo wa Jiko la Mkaa Unafanya Kazi Gani?

Muuzaji wa majiko akiulizwa kwa nini jiko lenye udongo ndani linakula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, jibu lake huwa fupi: udongo unatunza joto. Jibu hilo limezoeleka mno, lakini ni nusu ya ukweli, tena nusu isiyo na uzito. Joto lililotunzwa ukutani bado halijafika kwenye sufuria. Ni mkaa ulioteketea ili kupasha jiko lenyewe. Kama kutunza joto ndiyo ingekuwa siri, basi jiko lenye udongo mnene kuliko yote lingekuwa bora kuliko yote, lakini waliounda Kenya Ceramic Jiko, jiko la bati lenye udongo ndani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifanya kinyume chake: waliupunguza udongo.

Mfano walioanza nao ulikuwa jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo kuanzia juu hadi chini. Lilikuwa zito, na udongo wake ulipasuka upesi. Wabunifu, Maxwell Kinyanjui akiwa mmojawapo, pamoja na mafundi wa jua kali wa Nairobi, waliliminya bati katikati likawa na kiuno kama cha nyigu, kisha wakauweka udongo uliochomwa juu ya kiuno tu, pale makaa yanapokaa. Kati ya udongo na bati walisiliba saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yaliyojaa vijinafasi vya hewa. Chini ya kiuno likabaki bati tupu, majivu na mlango wa hewa. Sehemu hiyo haihitaji kinga, kwa kuwa hakuna moto. Kwa macho yangu, kiuno kile ni uvumbuzi mkubwa kuliko udongo wenyewe: kinaubeba, kinauzuia usiteleze, na fundi hukitengeneza kwa nyundo na mkasi wa bati.

Sasa tazama makaa yenyewe. Mkaa mzuri hauna ndimi ndefu za moto. Sehemu kubwa ya joto lake husafiri kwa mnururisho kutoka kwenye makaa mekundu ya nyuzi 700 hadi 900 hivi, na mnururisho huenda pande zote, si juu peke yake. Katika jiko la bati, joto linalopiga ubavuni hupenya mara moja na kuishia kwenye miguu ya mpishi, kwani chuma hupitisha joto mara makumi kuliko udongo uliochomwa. Udongo unalizuia lisitoke. Uso wake wa ndani hupamba moto na kuyarudishia makaa mnururisho wao, nayo yakazidi kuwa makali. Ndiyo maana jiko la bati hufikisha kwenye chakula asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la mkaa, ilhali hili la udongo hufikisha 25 hadi 40.

Mtu anaweza kupinga: mbona kwa chai jiko la udongo huchelewa? Ana haki, na hesabu iko upande wake. Udongo wa kilo 2 ukipanda joto kwa wastani wa nyuzi 400 humeza takriban kilojuli 720, sawa na gramu 24 za mkaa. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji kilojuli 335 tu. Udongo umekula mara mbili ya maji! Deni hilo hulipwa na mapishi marefu, kama maharage ya saa tatu, ambapo kila dakika ukuta unaokoa joto ambalo bati lingelipoteza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hasara kubwa iko msituni, mkaa unapochomwa. Ni kweli: tanuri la udongo likitoa kilo moja ya mkaa kwa kila kilo 7 za kuni kavu, karibu robo tatu ya nishati ya kuni imepotea kabla gunia halijafungwa. Lakini hesabu hiyohiyo inalitetea jiko, maana kila kilo ya mkaa isiyonunuliwa ni kilo 7 za kuni zisizokatwa.

Pingamizi lililobaki, la gesi ya sumu, halina utetezi. Kufunga mlango wa hewa hutuliza moto, lakini kaboni ikikosa oksijeni ya kutosha huishia kuwa monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Ikitoroka bila kuungua, huwa imetoa chini ya theluthi moja ya joto ambalo kaboni ile ingetoa. Ule mwali wa buluu juu ya makaa ndiyo gesi hiyo ikimalizia kuungua hewani. Kwa jumla, kama ni kikombe kimoja cha chai, jiko la bati halikutii hasara. Maharage yapeleke kwenye udongo. Kwa yote mawili, jiko likae nje au dirisha liwe wazi, na lisilale chumbani na watu hata likiwa limefunikwa majivu.