Ganda Tupu na Vyombo vya Kulijaza

Katika vitu vinne viungavyo risasi kamili ya bunduki ya kisasa, yaani ganda la shaba ya manjano, fataki iliyopachikwa kitakoni mwake, baruti iliyomo ndani, na kichwa kiendacho shabahani, vitatu huwa vimekwisha kazi mara tu kifyatulio kivutwapo, na kimoja, ambacho ni ganda, humrudia mpigaji kikiwa kimevimba kidogo na kuingia masizi, lakini kizima. Nacho, kwa kuwa hutengenezwa kwa sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, na kuvutwa hatua baada ya hatua hata kupata umbo lake, ndicho aghalabu kilichogharimu zaidi kuliko wenzake. Kwa sababu hiyo iliota mizizi huko Marekani ada ya watu kuyajaza tena maganda nyumbani mwao, ada ambayo kwao ni halali maadamu mtu ajaza kwa matumizi yake mwenyewe wala hauzi, ilhali kwetu, Kenya na Tanzania, raia haruhusiwi kutengeneza risasi pasi na kibali. Basi sisemi haya kwa kumhimiza mtu. Nasema kwa kuwa namna wale watu walivyofikia kuchagua vyombo vya mwanafunzi ni mas'ala ya ufundi yapasayo kuchambuliwa na kila aliye na haja ya kujua chombo kizuri cha kujifunzia ni kipi, na jawabu walilofikia si lile ambalo mwenye duka angependa kulitoa.

Asili ya jambo lote ni tundu. Mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja upande wake wa bahari ya Atlantiki, walipata hataza za namna mbili za kuiwasha baruti ndani ya ganda. Hiram Berdan, Mmarekani aliyekuwa ameongoza kikosi cha walenga shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, aliifanya fuawe, yaani kile kijinundu ambacho fataki hugongwa juu yake ipate kuwaka, iwe sehemu ya ganda lenyewe, na moto ukapitia vitundu viwili vilivyo kando ya fuawe hiyo. Naye Edward Boxer, afisa Mwingereza wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, aliitia fuawe ndani ya fataki, hata kitako cha ganda kikabaki na tundu moja tu, katikati hasa. Lililosadifu baadaye ni kinyume cha matarajio, kwani majeshi mengi ya Ulaya yaliishika njia ya Mmarekani, na Wamarekani wakaishika njia ya Mwingereza. Tofauti hiyo, ambayo kwa askari haikuwa na maana yoyote, kwa mtu wa nyumbani ilikuwa ndiyo kila kitu: ganda la Boxer huingizwa sindano kutoka mdomoni, ikashuka moja kwa moja hadi katika tundu la katikati, ikaisukuma nje fataki iliyokwisha kuwaka, lakini ganda la Berdan halina pa kupitisha sindano, na fataki yake haina budi kung'olewa kutoka nje kwa ndoana, au kutolewa kwa nguvu ya maji, kazi ya kuudhi ambayo watu wachache huiweza na wachache zaidi huipenda. Lau Wamarekani wangalishikamana na fundi wao wenyewe, naamini ada hii ingalibaki kuwa ya mafundi wa bunduki pekee.

Vyombo vya mwanzo vilikuwa vidogo. John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1884, akauza chombo cha mfano wa koleo, ambacho mwindaji aliweza kukitia mkobani na kujaza risasi zake kambini. Na pamoja na koleo hilo alitoa kitabu cha maelekezo, jambo ambalo lina uzito kuliko koleo lenyewe, nami nitalirudia. Kampuni hiyo iliangukia mikononi mwa kampuni ya Lyman mwaka 1925, na koleo likaendelea kuuzwa. Kisha mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin, katika karakana ya nyumbani kwake, akabuni kifaa kilichokuwa rahisi zaidi ya hilo: kasha dogo lenye kalibu, vijiti na kijiko cha kupimia baruti, kwa ajili ya risasi za bunduki za marisaa hapo kwanza na za aina nyingine baadaye, na nguvu yote ya kazi ikawa ni nyundo isiyo ya chuma mkononi mwa mwenye kujaza. Watu wengi walianza kwa kasha hilo, na wengine hadi leo hulitetea kwa mahaba.

Mimi silitetei kwa mwanafunzi, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kasha la nyundo, kwa risasi za bunduki ndefu zenye shingo, hukaza shingo ya ganda tu wala halirudishi mwili wote katika kipimo chake. Kwa hiyo ganda lililojazwa kwa njia hiyo huingia vizuri katika bunduki iliyolipiga mara ya kwanza, lakini huenda likagoma katika bunduki nyingine ya aina ile ile. Ya pili ni nyundo yenyewe: fataki imeumbwa iwake kwa pigo, na kumfundisha mtu asiye na uzoefu kuipachika kwa kuigonga, ingawa ni kwa upole na ingawa amevaa miwani, ni kuanza elimu mahali ambapo mwalimu angependa kumaliza. Kijiko nacho hupima ujazo wala hakipimi uzito, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona tofauti ya hivyo viwili katika mizani hana njia ya kujua mkono wake umetetereka.

Kwa hiyo mafundi walio wengi humwelekeza mwanafunzi kwenye shinikizo la kalibu moja, yaani fremu ya chuma ikazwayo mezani kwa bolti, yenye wenzo wa kuvuta, na mhimili upandao na kushuka ukiwa umebeba ganda, na tundu moja juu la kukazia kalibu. Kila wenzo ushukapo, ganda moja hufanyiwa kazi moja. Huonekana ni taabu bure, na kweli ni taabu. Lakini kabla ya kufika huko yafaa kusema neno juu ya hilo tundu la juu, kwa sababu ndilo lililomwokoa mnunuzi na utumwa wa kampuni moja. Hesi yake, kwa desturi iliyoenea na kukubaliwa na takriban watengenezaji wote, ni ya kipenyo cha inchi saba ya nane, yenye mizunguko 14 katika kila inchi, hata mtu akinunua shinikizo la Lyman aweza kulitia kalibu za RCBS, na la RCBS kulitia kalibu za Lee. Hiyo kampuni ya RCBS ilizaliwa Oroville, California, mwaka 1943, wakati viwanda vyote vilikuwa vikitumikia vita na vichwa vya risasi vimeadimika madukani. Mwanzilishi wake, Fred Huntington, akatengeneza kalibu za kugeuza maganda matupu ya risasi ndogo za inchi .22 yawe maganda ya nje ya vichwa vipya, apate kuwindia wanyama wadogo wa milimani waitwao marmoti. Dhiki ile ile ya vita, na baruti nyingi ya ziada ya jeshi ambayo Bruce Hodgdon wa Kansas aliinunua vita vilipokwisha akaiuza kwa watu wa kawaida, ndizo zilizoufanya mchezo wa wachache kuwa sanaa ya nyumba nyingi.

Katika umbo la fremu, ile iliyofungika pande zote kama herufi O ni bora kuliko iliyo wazi upande mmoja, kwani kukaza ganda la bunduki kubwa kunataka nguvu, na fremu iliyo wazi hupanuka kidogo chini ya nguvu hiyo, kalibu ikapotoka. Ile ya chuma cha kusubu ni nzito na hudumu umri wa mtu. Ya alumini humtosha ajazaye risasi za bastola. Sioni haja ya kuongeza hapo.

Tukirudi kwenye ile taabu, fadhila ya kalibu moja ni kwamba humlazimisha mtu kufanya kazi kwa makundi: maganda hamsini hutolewa fataki na kukazwa yote kabla halijaguswa lolote kwa kazi ya pili; kisha yote hutiwa fataki; kisha yote husimamishwa katika ubao wenye matundu na kutiwa baruti; na kabla ya kichwa cha kwanza kuwekwa, mwenye kujaza hushika tochi akapitisha mwanga juu ya midomo hamsini iliyo wazi. Naam, tochi hiyo ndiyo chombo kikuu kuliko vyote, ingawa haimo katika orodha ya duka lolote. Jicho la mwanadamu ni dhaifu katika kukisia kimo cha kitu kimoja kilicho peke yake, lakini ni kali katika kutambua kimoja kilichokwenda kombo miongoni mwa wenzake. Ganda lililotiwa baruti mara mbili, au lile lililosahauliwa likabaki tupu, hujitokeza hapo mara moja. Na makosa hayo mawili ndiyo yenye kuua. La kwanza huipasua bunduki. La pili hukiacha kichwa kimekwama ndani ya kasiba kwa nguvu ya fataki pekee, na mpigaji asipotanabahi, pigo la pili huja kuipasua kasiba hapo hapo.

Hapa pana jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka, nami naona ndipo penye kiini. Mwanafunzi hushauriwa aanze na risasi ya bastola ya .38 Special, kwa kuwa ganda lake limenyooka, kalibu yenye pete ya kabidi hulikaza bila ya mafuta, wala halirefuki kwa haraka hata kutaka kupunguzwa. Ushauri huo ni sahihi kwa upande wa mikono, na wa hatari kwa upande wa macho. Risasi hiyo ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa baruti nyeusi, ambayo hujaza nafasi kubwa. Baruti za kisasa zisizo na moshi, ambazo asili yake ni kazi ya Mfaransa Paul Vieille ya mwaka 1884, hutaka kiasi kidogo sana kwa nguvu ile ile, hata kipimo kimoja huonekana kimepotea chini kabisa ya ganda, na cha pili, na pengine cha tatu, huingia pasi na kumwagika hata chembe. Ganda la bunduki ndefu kama .30-06, ile ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, hutaka kupakwa mafuta lisije likang'ang'ania ndani ya kalibu, hutaka kupimwa urefu na kukatwa, humchosha mtu. Lakini kipimo chake cha kawaida hulijaza karibu lote, na anayekosea akamimina mara mbili huiona baruti ikifurika mezani. Basi lipi ni la mwanafunzi? Aliye na subira namshauri la pili. Aliye na bastola tu, na achague katika kitabu baruti yenye ujazo mkubwa, ili hesabu ya kosa ionekane.

Mizani ndiyo yapaswa kutolewa fedha kwanza, kabla ya shinikizo. Kipimo cha wajazaji ni greni, ambazo 7000 ni ratili moja, na mizani ya kazi hii haina budi kuonyesha sehemu ya kumi ya greni, uzito usiofika miligramu saba. Mizani ya mkono, yenye sumaku ya kutuliza mtikisiko, ni ya polepole lakini haitaki umeme wala haibadiliki tabia. Ya elektroni ni ya haraka, ila hutaka kupata moto kwanza, hughadhibika kwa upepo wa feni, na hupotoka kidogo kidogo bila ya kumwambia mwenyewe. Yoyote inunuliwayo, na inunuliwe pamoja na mawe ya kuihakikisha. Kile kipimio cha gurudumu kimiminacho baruti kwa kuzungushwa chaweza kungoja. Nacho kikija, ni mtumishi wa mizani, hupimwa kila mara.

Na kitabu, ambacho Barlow alikijua umuhimu wake tangu zamani zile. Viwe viwili, vya watengenezaji tofauti, kwa kuwa kila mmoja hujaribu kwa bunduki yake na viungo vyake, na pale hesabu zao zinapohitilafiana ndipo msomaji ajifunzapo kwamba nambari iliyochapwa ni habari ya jaribio fulani, wala si amri. Huanza na kipimo cha chini kabisa, akapanda kwa hadhari. Kalipa ya kupimia urefu, faneli, miwani ya kulinda macho, ubao wa matundu: hivyo ni vya bei ndogo, havina mjadala.

Vipi kuhusu mashine za mfululizo, kama zile ambazo Mike Dillon wa Arizona aliziingiza majumbani, ambazo kila wenzo ushukapo maganda kadhaa hufanyiwa kazi kadhaa kwa pamoja na risasi moja kamili ikaanguka bakulini? Ni sanaa ya kupendeza, na mpigaji wa mashindano atumiaye mamia kwa wiki hana pa kuzikimbilia isipokuwa hapo. Lakini mambo matano yakitendeka kwa mara moja, mwanafunzi hatazami hata moja, na mtambo ukikwama katikati, kisha akaurudisha nyuma kuutengeneza, huwa hana yakini kama ganda lililo chini ya kipimio cha baruti limekwisha kupewa fungu lake. Walioweza kalibu moja huhamia huko kwa urahisi, na lile shinikizo la kwanza haliuzwi, hubaki mezani kwa kazi ndogo ndogo.

Limesalia moja, ambalo makasha ya mwanzo yauzwayo kwa pamoja aghalabu hayalitii: kichomozi, mfano wa nyundo yenye kichwa kitupu cha plastiki, ambayo risasi iliyokosewa hufungwa ndani yake, ikagongwa juu ya gogo, na kichwa kikatoka chenyewe kwa uzito wake, pamoja na baruti, bila ya ganda kuharibika. Ni cha bei ndogo. Asiyekuwa nacho, akishuku risasi tatu katika hamsini asijue ni zipi, huvutwa na uvivu aziache zilivyo. Aliye nacho huzivunja zote hamsini jioni ile ile, akaimwaga ile baruti, na asubuhi akaanza upya na maganda yake.