Chenga za Kulipia: Jinsi Picha ya Analojia Ilivyofungwa na Kufunguliwa

Namungo FC ikicheza ugenini, mashabiki wa Ruangwa na Nachingwea hujazana kwenye vibanda umiza. Kifurushi kikiisha katikati ya mechi, kioo kinabaki cheusi na maandishi machache: hakuna kivuli cha mchezaji wala sauti ya mtangazaji. Wengi wao walikutana na king'amuzi kikiwa tayari cha kidijitali, kwa hiyo kwao chaneli iliyofungwa ni giza tupu. Enzi za analojia mambo yalikuwa mengine. Asiyelipia aliipokea picha yote, ila imevurugwa, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa mifumo ile.

Katika PAL, mfumo uliotumika kwetu, picha moja ina mistari 625, na picha 25 hupita kila sekunde. Kila mstari huchukua maikrosekunde 64, na takriban 52 kati ya hizo ndizo zinazobeba kinachoonekana. Ndani ya muda uliobaki kuna alama ya umeme ya maikrosekunde 4.7 inayoijulisha televisheni kwamba mstari mpya unaanza. Wabunifu wa mwanzo wa kuvuruga picha waliiandama alama hiyo. Waliififisha, televisheni ikakosa pa kushika, picha ikalala upande na kuchanika. Baadhi waligeuza na mwanga, jezi nyeupe ikaonekana nyeusi. Lakini alama yenyewe haibadiliki kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Fundi aliyezijua saketi zake aliweza kuitengeneza upya bila kumwomba mtu ufunguo.

Canal+ ya Ufaransa, iliyoingia hewani Novemba 1984, ilikuja na mfumo wa Discret 11. Hapa kila mstari ulicheleweshwa kwa moja ya viwango vitatu: sifuri, nanosekunde 902 au nanosekunde 1804. Mstari mmoja ukasogea, wa pili ukabaki, nyuso za watu zikaparuzika. Mpangilio wa kuchelewesha ulitokana na namba ya biti 11, yaani njia 2047 tu. Desemba ya mwaka huohuo jarida la Radio Plans likachapisha mchoro wa kifaa cha kuifungua. Mfumo mzima haukumaliza hata miezi miwili kabla siri yake haijauzwa kwenye meza za magazeti!

Huku Afrika, M-Net ilianza mwaka 1986 Afrika Kusini kwa kuvuruga mawimbi, lakini jioni kuanzia saa 11 hadi saa 1 iliyaachia wazi ili wasiolipia waonje. Jijini Nairobi, KTN ya mwaka 1990 ilibuniwa iwe ya kulipia. Mpango wa kuvuruga mawimbi ukaachwa, kituo kikaishi kwa matangazo ya biashara. Nadhani waliona mbali.

Mfumo unaostahili heshima ni VideoCrypt, uliotumiwa na Sky ya Uingereza katika miaka ya 1990. Kila mstari uligeuzwa kuwa namba, ukahifadhiwa kwenye kumbukumbu, kisha ukakatwa mahali pamoja kati ya 256 na vipande vyake viwili vikabadilishana nafasi, kama mchezaji anavyokata karata. Mahali pa kukata palibadilika mstari hadi mstari. Kadi ya mteja ndiyo iliyotoa namba ya siri, mpya kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi, na dekoda ikaitumia kujua pa kuunganisha. Bila kadi, uwanja mzima wa mpira uligeuka mchanga unaochemka. Sauti, hata hivyo, Sky haikuivuruga. Asiyelipia alisikia kila goli.

Basi mwanafunzi wa Ujerumani, Markus Kuhn, akaandika programu ya kompyuta ambayo haikuhitaji kadi wala namba ya siri. Alitumia jambo ambalo kila mtazamaji analiona: katika picha yoyote, mstari mmoja hufanana sana na ule ulio juu yake. Nguzo ya goli haikatiki ghafla, nyasi zinaendelea. Programu iliusogeza mstari na kuulinganisha na jirani yake hadi ikapata nafasi ambapo miwili hiyo inashabihiana zaidi, kisha ikahamia unaofuata. Picha ikarudi, japo kwa ubora hafifu. Siri ya kadi haikuguswa kabisa. Picha ndiyo iliyojisaliti.

Dijitali iliuondoa mwanya huo. Kwanza picha inabanwa, kisha biti zake zinasimbwa, na biti zilizosimbwa hazitoi dokezo lolote kuhusu jirani zake. Na kinacholindwa kina bei kubwa: mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walisaini mkataba wa Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Wezi wa siku hizi hawahangaiki kuiunganisha picha, baadhi yao wanagawana funguo zilizotoka kwenye kadi iliyolipiwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Nachingwea, fundi akikwambia atafungua chaneli kwa kugusagusa waya au kuzungusha dishi, usimpe hela yako. Ufundi wa kuifungua picha bila ufunguo uliwezekana enzi za analojia tu.