«Zambi ya asili»: neno linaloomba kufafanuliwa

Kuna mafundisho machache ya imani tunayoyataja mara nyingi kama hili la zambi ya asili, na pengine machache tunayoyapita kwa haraka kama hili. Kila mkatekumeni analijua jibu lake kwa kichwa. Lakini jibu linalojulikana kwa kichwa si lazima limefahamika moyoni. Hapa tunataka kupima namna ya kulifundisha upande huu wa Masisi na Walikale, na zaidi Bweremana, kando ya ziwa Kivu. Hatupimi imani ya Eklezya, maana hiyo tunaisadiki. Tunapima maneno na mifano yetu sisi wenye kufundisha.

I. Neno lenyewe

Mtakatifu Augustino ndiye aliyelipa fundisho hili jina lake la Kilatini, karibu na mwaka 396. Waliotutangulia walilitafsiri «zambi ya asili». Tafsiri si mbaya: asili ni shina, ni chimbuko. Lakini neno halikai katika kamusi tu, linakaa katika kinywa cha watu. Huku kwetu, mtu akikuuliza «Asili yako ni wapi?», haulizi habari za Adamu. Anauliza kabila, ukoo, kilima cha babu yako. Na siku nyingine anauliza kama una haki ya kulima hapa ulipo.

Swali hilo si jipya. Tangu mwaka 1937 mpaka 1955 serkali ya Wabeleji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kukaa Masisi. Mambo ya udongo, na ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, yalibaki bila kumalizika. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Tangu hapo vita imefuata vita. Bweremana, mahali panapopakana na Kalehe ya Kivu ya Kusini, Wahunde, Wahutu, Wahavu, Watembo na wengine wanakutana sokoni na pwani. Mwanzoni mwa mwaka 2024, vita ilipofika karibu na Sake, makundi ya wakimbizi yalijazana pale na kule Minova.

Katika masikio ya watu wa namna hiyo, neno «zambi ya asili» lina hatari. Mwenye kusikia anaweza kufikiri kwamba kuna zambi inayokaa katika asili ya mtu fulani, katika damu ya kabila lake. Mezali iko tayari kumsaidia: mtoto wa nyoka ni nyoka. Hivi mezali ya chuki inavaa kanzu ya katekisimu, na mfundishaji hajui kwamba ndiye aliyeishona.

II. Eklezya inafundisha nini

Tutenganishe mambo mawili ambayo jina moja linayafunika. La kwanza ni tendo: wazazi wetu wa mwanzo walikataa kumtii Mungu. Tendo hilo ni lao. La pili ni hali: sisi tunazaliwa bila ile neema ya utakatifu waliyopewa tangu mwanzo, tena tukiwa na maumbile yaliyojeruhiwa, chini ya utawala wa kifo. Hali hiyo tunaipokea, hatukuitenda.

Mtaguso wa Trento, katika hati ya tarehe 17 mwezi wa sita 1546, ulifundisha kwamba zambi ya Adamu inapita kwa watu wote kwa njia ya kuzaliwa, wala si kwa kuiga tu. Na kwamba Ubatizo unaiondoa kweli. Katekisimu ya Eklezya Katolika ya mwaka 1992 inalieleza neno «zambi» hapa kwa mfano tu: katika mtoto yeyote wa Adamu haina tabia ya kosa lake mwenyewe. Tunaomba kila katekista alishike jambo hilo kwa nguvu. Mtoto mchanga anahitaji kuokolewa na Kristu, lakini hakuna kosa lolote alilolitenda.

Maandiko Matakatifu yanaenda njia ile ile. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataza watu wa Israeli kutumia mezali yao kwamba baba wanakula zabibu kali na meno ya watoto yanaingia ganzi. Anasema kila mtu atajibu kwa zambi yake. Mtakatifu Yoane, katika sura ya 9, anasimulia kwamba wafuasi walimuuliza Yezu kuhusu kipofu: nani alifanya zambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa yote mawili. Mwenye kulihubiri fundisho la zambi ya asili na kuzisahau sura hizo mbili, amelihubiri nusu tu.

Jambo la mwisho hapa linafaa kusemwa kwa sauti. Adamu si babu wa kabila moja. Mtakatifu Paulo, katika sura ya tano ya barua kwa Waroma, anamweka Adamu mmoja kwa watu wote, ili amweke Kristu mmoja kwa watu wote. Kumbe fundisho hili, likieleweka vizuri, linafunga mlango wa kiburi cha ukoo: hakuna kilima ambacho watu wake walizaliwa wazima na majirani wao wakazaliwa wagonjwa.

III. Mifano yetu

Mfano wa kwanza unaosikiwa ni wa sumu katika damu. Ni rahisi, watoto wanaushika upesi. Lakini tunaukataa huku kwetu, kwa sababu ya mambo tuliyoyataja. Mahali ambapo watu wameuawa kwa ajili ya damu yao, katekista asiseme kwamba zambi inakaa katika damu.

Mfano wa pili ni deni la baba. Una ukweli fulani: mtoto anabeba mzigo asioutwaa mwenyewe. Lakini mwenye kudai deni anaweza kumshika mtoto kwa haki. Tukisema hivyo juu ya Mungu, tunamfanya mkopeshaji mkali; na kwa mtu mwenye kisasi tunampa ruhusa ya kudai deni la damu kwa wajukuu.

Mfano wa tatu tunautoa sisi, na uko mbele ya macho. Ni mtoto aliyezaliwa katika kampi ya wakimbizi Bweremana. Wazazi wake walikuwa na nyumba na shamba. Yeye amezaliwa chini ya hema. Je, ndiye aliyeanzisha vita? Hata kidogo. Lakini vita imemfikia mbele ya kujua jina lake: amekosa shamba, amekosa amani. Na kuna zaidi. Akikua kati ya maneno ya uchungu, moyo wake utainama kwa upande wa chuki. Trento inafundisha kwamba mwinamo wa namna hiyo unabaki hata nyuma ya Ubatizo, kwa ajili ya kupigana nao, nao wenyewe si zambi hasa mpaka mtu aukubali. Ndivyo tulivyo sisi wote: tumezaliwa nje ya nyumba ya Baba, bila kosa letu, na tuna moyo unaopenda kurudia kosa lile lile. Mfano huu una mpaka wake, kama kila mfano, maana neema si shamba. Lakini haumtukani mtoto wala haumpunguzi Mungu.

IV. Kosa la upande mwingine

Mtu atasema: basi tuliache fundisho hili, tuseme tu kwamba watoto wanaharibiwa na mfano mbaya wa wakubwa. Tunajibu: Pelagio alisema karibu hivyo, na mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ukamkataa. Kama ubaya ungekuwa mfano mbaya tu, shule nzuri na mikutano ya amani ingetosha. Mikutano ya amani tunaiheshimu, lakini tumeona pia watu wenye masomo wakipanga mauaji. Ugonjwa uko ndani kuliko mfano, ndiyo maana dawa ni neema.

Na mama aliyempoteza mtoto njiani wakati wa kukimbia, mbele ya Ubatizo, tutamwambia nini? Tusimwambie kwamba mtoto wake amehukumiwa. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa ruhusa ya Papa Benedikto XVI, ilieleza sababu nzito za kutumaini kwamba Mungu anawaokoa watoto hao. Haikuondoa lazima ya Ubatizo. Ilitukumbusha huruma ya Mungu.

V. Matunda ya zambi

Katika kueleza matunda ya zambi ya kwanza tunataja mara moja kifo, jasho na uchungu wa kuzaa. Ni kweli. Lakini tusome Kitabu cha Mwanzo polepole. Nyuma ya zambi, tendo la kwanza la Adamu mbele ya Mungu aliyemuuliza lilikuwa kumwonyesha Eva kwa kidole. Naye Eva akamwonyesha nyoka. Sura moja mbele, Kaini anamwua ndugu yake. Zambi ya kwanza ilizaa kwanza mashitaka, kisha mauaji. Na Mungu akamwekea Kaini alama, ili mtu yeyote asimwue kwa kisasi. Hata mwuaji wa kwanza hakuachwa mikononi mwa wenye kulipiza. Sehemu hii ya mafundisho tunaiacha mara nyingi, nayo ndiyo Masisi inayohitaji.

Kwa kumaliza, tunaomba mambo matatu. Jina «zambi ya asili» libaki, maana ni urithi wa wazee wetu katika imani. Lakini lisitamkwe bila kuongeza: asili ya watu wote, Adamu mmoja. Mfano wa damu uachwe. Na siku ya Ubatizo, katekista awaambie wazazi na wasimamizi, mbele ya shirika lote, kwamba mtoto huyu hakuletwa kisimani kwa sababu ya makosa ya kabila lake, wala hatatoka pale na deni la kulipiza kwa kabila la mwingine. Anatoka akiwa mtoto wa Mungu. Mwenye kumwita mtoto wa nyoka anaitukana batizo yake.