Alifumbua Macho, Halafu?

Kuna aina moja ya hadithi ambayo sisi wa ukanda huu wa Mlima Meru tunaijua kwa moyo, ingawa hakuna mchapishaji aliyewahi kuiwekea jalada. Toka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, pita Ngaramtoni, endelea hadi Oldonyo Sambu, kisha uwe unaingia kanisani. Hazitapita Jumapili nyingi kabla hujaisikia. Mama anasimama, anashika maiki, anasema Bwana asifiwe mara tatu na anajibiwa mara tatu. Kijana wake alianguka na pikipiki. Alipigwa kichwa. Alikaa hospitali siku kadhaa bila fahamu, na madaktari wakasema yaliyobaki ni ya Mungu. Wanamaombi wakafunga. Halafu asubuhi moja kijana akafumbua macho, akaomba uji. Vigelegele. Sadaka ya shukrani. Mama anaketi.

Huo ni ushuhuda, na mimi nauchukulia kama fasihi. Ni fasihi simulizi iliyo hai kuliko ngano nyingi tunazowafundisha wanafunzi. Una mwanzo wake wa lazima, una kilele, una hadhira inayojua iitikie wapi. Katika zile nilizosikia mwenyewe, msimulizi anachagua hata lugha kwa ustadi: habari za hospitali anazisema kwa Kiswahili, akifika kwenye maombi anahamia Kimaasai, na kanisa zima linainuka naye. Sasa, kama ni fasihi, basi inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya. Na hoja yangu kuhusu hadithi hii ni moja tu: inakatika mahali pabaya. Inaishia kijana anapofumbua macho, wakati imani ya familia ndiyo kwanza inaanza kupimwa.

Hebu tuangalie kinachofuata baada ya uji. Mfupa ukiungwa vizuri, baada ya wiki kadhaa picha ya eksirei inaonyesha umeshika na watu wanaendelea na maisha. Ubongo hauendi hivyo. Kijana aliyeumia vibaya kichwani anaweza kurudi nyumbani akitembea, akisalimia, akila vizuri, na bado asiwe yule aliyeondoka. Anasahau alichoambiwa asubuhi. Anachoka kabla hajafanya kitu. Anawaka kwa jambo dogo na kutukana mbele ya wazee, yeye ambaye zamani aliinamisha kichwa ili wakubwa wake wamguse wakimsalimia. Wengine huanza kupata kifafa miezi mingi baada ya ajali. Nafuu huwa ya haraka miezi ya mwanzo, kisha inapungua kasi, ingawa inaweza kuendelea polepole kwa miaka.

Sasa jiweke mahali pa yule mama. Kanisa limeshapiga vigelegele. Mwanawe akianguka kifafa mwezi wa tatu, amwambie nani? Akisema, ataulizwa kama uponyaji umepotea. Akinyamaza, anaubeba mzigo peke yake. Bibi anaanza kunong'ona kwamba huenda kuna mkono wa mtu, na jirani anajua mganga mahali fulani. Mwingine, mwenye nia njema kabisa, anamshauri aache zile dawa za kifafa, kwa sababu kuendelea kuzimeza ni kumwambia Mungu kwamba hakumaliza kazi. Hapo fasihi imeacha kuwa mambo ya jukwaani. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta mshtuko mkali zaidi na hata kuua. Mwisho mbaya wa hadithi unaweza kumgharimu kijana maisha yake.

Tusijifanye hatulijui hili. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu pia, ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya siku kadhaa. Siwacheki waliokwenda, maana mwenye mgonjwa hachekwi. Lakini tunakumbuka pia kwamba kuna waliorudi wakaacha dawa zao za kudumu, kwa sababu hadithi waliyopewa ilikuwa na sentensi moja tu: umekunywa, umepona.

Basi nikaenda kutafuta vitabuni. Nani ameandika hadithi ya kichwa kilichoumia katika pande hizi za kaskazini, na ameishia wapi?

Kitabu kilicho karibu zaidi hakikuandikwa na mwenyeji. Ni A Surgeon in the Village cha Tony Bartelme, mwandishi wa habari wa Marekani, kilichotoka mwaka 2017. Kinahusu Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Mbulu, mkoani Manyara. Dilan Ellegala, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, anafika pale mwaka 2006 na kukuta nchi ya watu zaidi ya milioni 40 ina madaktari watatu tu wa fani yake. Hospitali haina hata msumeno wa kufungulia fuvu. Analetwa mtu aliyeumia vibaya kichwani, na Ellegala ananunua msumeno wa kukatia miti kutoka kwa mkulima, anautakasa vijidudu vife, anamfanyia mgonjwa upasuaji na kumwokoa. Kisha anafanya jambo ambalo ndilo moyo wa kitabu: anamfundisha kazi hiyo Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Ellegala anapoondoka, Mayegga anamfundisha mwingine.

Ni kitabu kizuri, na Bartelme anajua kusimulia. Hoja yake dhidi ya wageni wanaokuja wiki mbili, wanapasua, wanapiga picha na kuondoka ina nguvu, na ingefaa isomwe na kila anayepokea misaada. Kwetu sisi kina faida nyingine. Kinaturudishia watu ambao ushuhuda unawafuta. Mama akisema madaktari walishindwa, anamfuta muuguzi aliyemgeuza mwanawe usiku kucha asipate vidonda vya mgongo. Na anasahau kitu kilicho wazi mno hadi hatukioni: Haydom ni hospitali ya kanisa. Selian pale Ngaramtoni ni ya kanisa. Kituo cha tiba cha Kilutheri pale Arusha mjini ni cha kanisa hilo hilo. Sasa kwa nini hadithi zetu zinaweka maombi upande huu na sindano upande ule, kama timu mbili uwanjani? Waliochanga ili kuta zile zijengwe walikuwa wanaomba kwa tofali.

Hata hivyo kitabu cha Bartelme kimejengwa kuizunguka meza ya upasuaji, walimu wake na wanafunzi wake. Familia imekaa nje kwenye benchi. Silaumu kitabu kwa kutokuwa kitabu kingine. Nasema tu kwamba kile kiti cha nje bado hakijapata mwandishi.

Karibu zaidi na sisi kuna hadithi ambayo Arusha nzima iliishi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika, wakapelekwa Sioux City, Iowa, kutibiwa, na mwezi Agosti wakarudi nyumbani. Majeraha yao yalikuwa hasa ya mifupa na hawa si kisa cha ubongo, lakini namna tulivyowasimulia inahusu hoja hii moja kwa moja. Tuliwaita muujiza. Tulipiga picha ndege ikiondoka na ndege ikirudi, tukafunga daftari. Waliorudi walikuwa watoto wenye miaka mingi ya kuishi mbele yao, na marafiki zao wa darasani hawapo. Hadithi yetu haikuwa na nafasi ya hilo.

Kisha kuna swali ambalo naliuliza kwa unyenyekevu. Wazazi wa wale 32, je, hawakuwa na imani? Waliomba asubuhi ile kama wazazi wote wanavyoombea watoto wa safari. Wengi wao waliendelea kuabudu baada ya mazishi, na sijui imani ya nani ni kubwa kuliko hiyo. Ushuhuda unaoishia kwenye "tuliomba, akapona" unawageuza hawa kuwa watu walioomba vibaya. Msimulizi hana nia hiyo hata kidogo. Ni umbo la hadithi ndilo linalosema maneno ambayo yeye mwenyewe hangethubutu kuyatamka.

Upande wa pili wa rafu yetu kuna Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka 1974. Kazimoto ni msomi ambaye imani ya wazazi imemtoka na hajapata kitu cha kuweka mahali pake. Anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kawaida, na mwisho Kazimoto anajiua. Ni riwaya kubwa, mimi sina ugomvi na ukubwa wake. Lakini angalia: nayo inakatika. Ushuhuda unakimbilia ushindi kabla ya kazi kuanza, na riwaya inakimbilia kaburini. Kati ya vigelegele na kaburi kuna miaka ishirini ya kumkumbusha mtu ameze dawa, na miaka hiyo haina kitabu kwa Kiswahili, angalau hakuna ninachoweza kumpa yule mama.

Kwingine imeandikwa. Mjapani Kenzaburō Ōe, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1994, alipata mtoto wa kiume mwaka 1963 akiwa na hitilafu ya fuvu na ubongo. Mwaka uliofuata akatoa riwaya inayojulikana kwa Kiingereza kama A Personal Matter, kuhusu baba kijana anayetamani kuukimbia mzigo huo. Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliirudia habari ya baba na mwana wa namna hiyo katika kitabu baada ya kitabu, wakizeeka pamoja. Mwanawe alikua, akawa mtunzi wa muziki, na bado alihitaji kuangaliwa. Ōe hakuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa na kile ninachokitafuta katika ushuhuda wetu: subira ya kurudi kwenye jambo lile lile pasipo kulitangaza kuwa limekwisha.

Mtu atanijibu kwamba kanisani si mahali pa kusimulia matatizo, watu wanakuja kutiwa moyo. Nakubali watu wanahitaji kutiwa moyo. Lakini Biblia ile ile iliyoko mezani inajua kusimulia polepole kuliko sisi. Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna kipofu wa Bethsaida anayewekewa mikono mara mbili. Baada ya mara ya kwanza anaona, ila vibaya: watu na miti vinamchanganya. Anaulizwa anaona nini, naye anajibu ukweli. Hakuna anayemkemea kwa imani haba. Jibu lake la kweli ndilo linalotangulia mguso wa pili. Na yuko Mefiboshethi katika Samweli wa Pili, aliyeangushwa na mlezi wake akiwa mtoto wa miaka mitano, akalemaa miguu. Huyu haponi kabisa. Mfalme anampa kiti cha kudumu mezani pake, na sura inapofungwa miguu bado imelemaa. Jaribu kuupeleka huo mbele ya kanisa kama ushuhuda, uone kama kuna atakayejua apige vigelegele wapi.

Ninachotaka si kwamba mama wa Oldonyo Sambu anyang'anywe maiki. Nataka arudishiwe mwezi wa nane, na mwaka wa pili. Asimame aseme: Bwana asifiwe, mwanangu bado anasahau jina la dada yake siku nyingine, kifafa kimepungua kwa sababu tunamkazania dawa, baba yake ameuza ng'ombe na hatujanunua mwingine, Jumanne akina mama wa jumuiya walikuja kumwogesha ili nilale. Huo nao ni ushuhuda. Una Mungu ndani yake na una ratiba. Tena una faida ambayo ule wa kwanza hauna: anayeusikia akiwa na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani anajua hayuko peke yake, na asiye na mgonjwa anajua Jumanne ijayo zamu ni yake.

Na kwa sisi tunaoandika, kazi ipo. Haihitaji kijana anayekufa wala kijana anayeamka. Inahitaji nyumba moja, kijana mmoja anayejifunza upya kufunga vifungo vya shati, na watu wanaoendelea kumwombea huku wameacha kumuuliza Mungu atamaliza lini. Anayeweza kuiandika hiyo kurasa 200 bila kukimbilia mwisho, mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua, na nakala ya pili nitampelekea yule mama.